MAJINA YETU NA ASILI YAKE: JINA, UKOO NA UBATIZO KATIKA NCHI YA BUHAYA

Utangulizi

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka mia moja ya usharika wetu, mengi yameandikwa katika kitabu hiki kuhusu majengo, watumishi, kwaya, shule na zahanati. Mimi nimeombwa na Kamati ya Jubilii niandike juu ya jambo lisilojengwa kwa tofali wala kununuliwa kwa sadaka, nalo ni majina tunayoitwa. Kila aliyebatizwa katika miaka hiyo mia aliulizwa jina lake mbele ya kisima cha ubatizo. Kila aliyefunga ndoa alitangazwa kwa jina, na kila aliyelala mautini alizikwa kwa jina. Historia ya usharika ni historia ya watu, na watu huanza kujulikana kwa majina.

Swali litakalotuongoza ni hili: yale ambayo leo tunayaita "majina ya ukoo" yalitoka wapi, na yanatuambia nini? Wageni wetu kutoka sharika na dayosisi nyingine watatuvumilia tukieleza mambo ambayo kwa Mhaya mzee ni ya kawaida. Na vijana wetu, ambao wengi wamezaliwa Mwanza, Dar es Salaam na ng'ambo, wasome kwa makini, kwa kuwa mengi ya haya hawakuyasikia jikoni kwa bibi zao.

Jina la ukoo lisilotaja ukoo

Katika fomu za shule, benki na kitambulisho cha taifa kuna nafasi iliyoandikwa "jina la ukoo". Mchaga akijaza hapo Mushi, Massawe au Lyimo, kwa kweli ametaja ukoo wake. Ndugu zake wote wa upande wa baba hujaza jina hilo hilo. Mnyakyusa akijaza jina linaloanza kwa Mwa-, kama Mwakyusa, ametaja kwamba yeye ni wa uzao wa mzee fulani, kwa maana Mwa- ni alama ya kuwa wa nyumba ya huyo anayetajwa. Lakini Mhaya akijaza Mutalemwa au Rwakatare, hajataja ukoo hata kidogo. Ametaja jina ambalo baba yake, au babu yake, alipewa siku fulani kwa sababu fulani.

Zamani katika Buhaya watoto sita wa baba mmoja waliweza kuwa na majina sita, na hakuna hata moja lililofanana na la baba yao. Kila mtoto alikuwa na jina lake, na jina hilo lilikwisha naye kaburini, isipokuwa mjukuu alipopewa ili kumkumbuka. Kilichowaunganisha ndugu hao hakikuwa jina, bali oluganda, yaani ukoo, pamoja na omuziro, yaani mwiko wa ukoo huo. Bahinda, ukoo uliotoa watawala katika sehemu kubwa ya Buhaya, mwiko wao ni nkende, mnyama wa jamii ya tumbili. Koo nyingine nazo zina miiko yao. Mtu akiulizwa, "Wewe ni nani?" alijibu kwa jina, akiulizwa, "Ninyi ni akina nani?" alijibu kwa ukoo na mwiko.

Tofauti hii si ya maneno tu. Ukoo ndio uliosimamia kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa ambamo wazee wamezikwa. Ukoo ndio uliokataza kuoana, kwa kuwa watu wa ukoo mmoja walihesabiwa kuwa ndugu hata kama undugu huo umepita vizazi vingi. Mwanamke aliyeolewa hakuuacha ukoo wa baba yake. Aliingia nyumba ya mumewe akiwa bado mtu wa kwao, na watoto wake ndio waliokuwa wa ukoo wa baba. Desturi ya mke kuitwa kwa jina la mume imekuja na shule na ofisi. Marehemu Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani mwaka 1977, aliuona ukoo kuwa jambo zito kiasi cha kuliweka katika kichwa cha kitabu chake kuhusu Kanisa, ukoo na ulimwengu, kilichotoka mwaka 1974. Hakuona kwamba Injili inaweza kuhubiriwa katika Buhaya kana kwamba ukoo haupo.

Maana zilizomo ndani ya majina

Jina la Kihaya mara nyingi ni sentensi fupi, na anayejua lugha huisikia.

Yako majina yanayoeleza hali ya kuzaliwa. Kamuhanda hutokana na omuhanda, yaani njia, na Karugendo hutokana na orugendo, yaani safari. Mama alishikwa na uchungu akiwa mbali na nyumbani, au baba alikuwa safarini. Pacha wana majina yao maalumu: wa kiume huitwa Ishengoma na Kato, wa kike Nyangoma na Nyakato, na mtoto awafuataye pacha huitwa Kaiza. Kwa hiyo anayeitwa Kaiza akikueleza kwamba hana kaka wala dada mkubwa, una haki ya kumwuliza jina hilo lilikuwa la nani.

Yako majina ya sifa, hasa yanayoanza kwa Ru- na Rwe-, yaliyo ndugu wa majigambo ambayo mashujaa waliyatamka mbele ya Mukama wao. Rutashubanyuma ni asiyerudi nyuma. Rutashobya ni asiyekosea. Mutalemwa ni asiyeshindwa. Rwakatare ndani yake mna entare, yaani simba. Majina ya kike nayo yana alama zake. Mengi huanza kwa Koku-, na mengine kwa Ke-, kama Kemilembe, linalobeba neno la amani.

Yako pia majina ya matumaini na ya kazi: Mwombeki ni mjenzi, Mwesiga linatokana na kutumaini, Muganyizi linatokana na kuhurumia, na Kamugisha ni wa baraka.

Mwisho, yako majina ambayo mzazi aliwaambia jirani zake kile ambacho hakuweza kuwaambia usoni. Tibaijuka ni "hawakumbuki". Tibanyendera ni "hawanitakii mema". Ndyanabo ni "nala nao", na Nshekanabo ni "nacheka nao". Msikilizaji hujimalizia mwenyewe kwamba hao anaokula na kucheka nao si wote walio rafiki. Mtoto alipoitwa kwa sauti kutoka mgombani jioni, kijiji kizima kilisikia. Majina haya tutayarudia, kwa maana ndiyo yaliyowasumbua wachungaji wengi.

Majina na njia iliyopitiwa na Injili

Ikiwa mtu angepoteza vitabu vyote vya historia ya Kanisa katika Buhaya, angeweza bado kuifuata njia ya Injili kwa kusoma majina matatu.

La kwanza ni Byarugaba. Maana yake ni "mambo ya Rugaba", na Rugaba ni Mgawaji, jina la Mungu ambalo wazee walilijua kabla ya mhubiri yeyote kufika. La pili ni Mulokozi, yaani mwokozi, neno lililoenea kwa njia ya Kiganda. La tatu ni Byamungu, ambalo mwanzo wake ni wa Kihaya na mwisho wake ni wa Kiswahili. Majina yote matatu yanakiri karibu jambo moja, lakini kila moja limevaa nguo ya wakati wake.

Historia inathibitisha mpangilio huo. Kituo cha Kijerumani cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha, na Mapadre Weupe walifika Kashozi mwaka 1892. Injili kwa upande wa Kiprotestanti haikuanza na mzungu. Ilianza na Wahaya waliojifunza kusoma kutoka Buganda, wakarudi na vitabu vya Kiganda, wakakusanyika na kufundishana. Misioni ya Bethel, iliyoongozwa na Mchungaji Ernst Johanssen, ilifika mwaka 1910 na kuwakuta wasomaji hao tayari. Ndiyo sababu majina mengi ya Biblia yaliyotumiwa na wazee wetu yalikuwa na sauti ya Uganda kabla hayajawa na sauti ya Kijerumani au ya Kiswahili.

Waliobatizwa walipata jina jipya, lakini la zamani halikufa. Ukitazama watumishi wa Kanisa letu utaona majina mawili yakikaa pamoja: Andrea Kajerero, Josiah Kibira, Samson Mushemba. La kwanza linamtaja mtu kuwa wa jamii ya watakatifu wa Biblia. La pili linamtaja kuwa mtoto wa nyumba fulani ya Buhaya. Walikuwapo wahubiri walioona majina ya kienyeji kuwa mabaki ya giza, na wako wazee waliotamani kuyaacha yote mtoni. Lakini desturi iliyoshinda ni ile ya majina mawili, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa somo la theolojia ambalo watu walijifundisha wenyewe: ubatizo humfanya mtu kuwa mpya bila kumfanya kuwa mgeni kwao.

Tusidhani kwamba mambo haya yalikuwa yetu peke yetu. Majina ya wageni waliokuja kwetu nayo yalikuwa na historia. Johanssen maana yake ni mwana wa Johannes. Hapo zamani palikuwa na baba aliyeitwa hivyo, na jina lake likaganda kwa wajukuu. Emin Pasha alizaliwa akiitwa Eduard Schnitzer, na Schnitzer kwa Kijerumani ni mchongaji. Emin, yaani mwaminifu, ni jina alilojitwalia akiwa mtu mzima. Hata Martin Luther alizaliwa katika nyumba iliyoandika jina lake Luder. Karibu na mwaka 1517 alianza kuliandika Luther, na kwa muda alitia sahihi Eleutherius, kwa kufuata neno la Kigiriki lenye maana ya aliye huru. Mwanamatengenezo mwenyewe alijua kwamba jina laweza kuwa ungamo.

Kalamu ya karani

Je, jina la mtu mmoja liligeukaje kuwa jina la familia nzima? Jibu fupi ni kalamu. Serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na kodi hudai orodha. Orodha hudai mtu aandikwe kwa namna itakayomtofautisha na mwingine, na njia rahisi ilikuwa kuandika jina lake na la baba yake. Shule za misheni zilifuata njia hiyo. Baadaye zikaja hati za kuzaliwa, vyeti vya mitihani, mikataba ya kazi na pasi za kusafiria, na kila karatasi ilitaka kufanana na ile iliyotangulia. Kizazi kimoja kikaandika jina la baba, kizazi kilichofuata kikaacha kubadilisha, na hivyo jina la babu mmoja likasimama.

Ndipo tukapata hali tuliyo nayo leo. Jina ambalo mzee alipewa kwa sababu alizaliwa njiani sasa linabebwa na wajukuu na vitukuu waliozaliwa hospitalini, wa kiume kwa wa kike. Jina la majigambo la Rutashubanyuma linaitwa darasani kwa msichana mpole. Hakuna ubaya katika hilo, lakini maana imelala, na anayeweza kuiamsha ni yule tu aliyesimuliwa.

Karani naye aliandika alivyosikia. Mwandiko wa Kihaya umekuwa ukipishana kati ya r na l, hivyo tunao Rwakatare na Lwakatare, Kokushubira na Kokushubila. Kwa masikio yetu hilo ni jina moja. Kwa ofisi ni watu wawili. Wachungaji wenzangu watakubaliana nami kwamba barua nyingi tunazoombwa kuandika si za utambulisho wa imani, bali za kuthibitisha kwamba marehemu fulani aliyebatizwa kwa l ndiye yule aliyestaafu kwa r, ili mjane apate haki yake. Nimewaona wajane wakizungushwa miezi mingi kwa ajili ya herufi moja. Katika mashauri hayo daftari la ubatizo, lililoandikwa kwa wino na mwinjilisti mwenye mwandiko mzuri, limekuwa shahidi wa haki kuliko tulivyotegemea.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, nayo inagusa ndoa. Kwa kuwa jina la fomu halitaji ukoo, vijana wawili wa oluganda mmoja waweza kukutana mjini wakiwa na majina tofauti kabisa, wakachumbiana, na kufika kwa mchungaji pasipo kujua. Na kinyume chake, vijana wawili wanaoitwa Mutalemwa waweza kuogopeshwa bure kwamba ni ndugu, ilhali babu zao hawakujuana. Zamani swali la ukoo liliulizwa kabla ya posa. Siku hizi mara nyingine huulizwa baada ya kadi za harusi kuchapwa, na machozi yanayofuata hatuna namna ya kuyafuta kirahisi. Wengine watasema kwamba undugu wa vizazi kumi si undugu. Huo ni mjadala ambao familia na Kanisa vinaweza kuufanya kwa utulivu, lakini haufanyiki kwa utulivu siku tatu kabla ya arusi.

Majina ya uchungu

Nilisema tutarudi kwa Tibaijuka na Tibanyendera. Mchungaji afanyeje mzazi anapoleta kwenye ubatizo jina linalomshtaki jirani? Wako waliokataa kabisa, na wako waliobatiza bila kuuliza.

Biblia haijatuacha gizani. Katika kitabu cha Mwanzo, Lea na Raheli waliwapa watoto wao majina yaliyojaa ugomvi na matumaini ya nyumba yao, na makabila ya Israeli yanaitwa hivyo hadi leo. Naomi aliporudi Bethlehemu akiwa amefiwa, aliwataka wanawake wa mji wamwite Mara kwa ajili ya uchungu wake. Yabesi aliitwa kwa ajili ya maumivu ya mama yake, lakini aliomba, na Mungu akamjalia. Naye Raheli alipokuwa akifa alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Maandiko yameyahifadhi majina yote mawili. Uchungu wa Raheli haukufichwa, wala mtoto hakuachwa aubebe peke yake.

Nadhani hapo ndipo penye hekima. Jina la uchungu lililokwisha kuwa la familia halina haja ya kuonewa aibu. Nyuma yake alikuwapo mtu aliyeonewa na akakosa mahali pa kusemea, akasemea kwenye jina la mtoto. Mwenye kulibeba leo aweza kuulizwa na wazee kisa chake, akamsamehe aliyekosea na kumheshimu aliyelia. Lakini mzazi wa leo anaye mchungaji, anao wazee wa kanisa, analo baraza la usuluhishi. Asimfanye mtoto mchanga kuwa barua ya mashtaka.

Yatupasayo

Jubilii si siku ya kutazama nyuma tu. Kwa unyenyekevu napendekeza mambo matatu kwa Baraza la Wazee na kwa kila nyumba.

Kwanza, daftari zetu za ubatizo, kipaimara na ndoa zitunzwe mahali pasipovuja wala kuliwa na mchwa, na zinakiliwe. Ndizo hazina ya majina ya watu wetu, pamoja na wale ambao hawakuacha picha wala kaburi lenye maandishi.

Pili, katika mafundisho ya kipaimara kila mtoto apewe kazi ya kwenda kwa babu, bibi, shangazi au mzee yeyote wa kwao, aulize: jina langu lina maana gani, lilikuwa la nani kwanza, ukoo wetu ni upi, na mwiko wetu ni nini? Ayaandike majibu na kuyaleta. Wazee wenye majibu hayo wanapungua kila mwaka, na sisi tunaowazika ndio tunaojua ni mangapi yanayoshuka nao.

Tatu, wazazi wanapochagua majina ya watoto wasichague kwa sauti nzuri tu. Jina la Biblia lichaguliwe pamoja na kisa chake, ili mtoto ajue Danieli au Ruthu alikuwa nani. Na jina la Kihaya lipewe nafasi, liwe jipya lenye maana ya leo au la mzee anayestahili kukumbukwa.

Hitimisho

Nabii Isaya anatufundisha kwamba Mungu huwaita watu wake kwa majina, na Yesu anafundisha kwamba Mchungaji Mwema huwajua kondoo wake na kuwaita mmoja mmoja. Yeye hatatizwi na r wala l. Anamjua aliyezaliwa njiani, anamjua aliyefuata pacha, anamjua yule ambaye mama yake alilia kwamba hawakumbuki. Waliotutangulia katika miaka hii mia moja walimwamini, wakaacha majina yao mikononi mwetu. Tuyatunze, tuyaeleze, na tuwapokeze watoto wetu yakiwa hai.

Mungu aubariki usharika wetu katika karne yake ya pili. Amina.